Kopo la Ugoro la Nesi

Nesi alikunywa chai amesimama. Sikumbuki kumwona akimaliza kikombe kizima amekaa. Alikishika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukawa na shughuli zake: kufukuza kuku, kukaza kamba ya mbuzi, kung'oa jani la kiazi lililougua na kulitazama juani, kama jua lipo. Ukimwambia akae alijibu, "Nimekaa," huku anaondoka. Mimi nilipelekwa kwake kwa sababu nilikuwa siwezi kutulia, na nikajikuta nimekabidhiwa kwa mwanamke asiyejua kutulia ni nini.

Jina lake nalijua, ila sikumwita kwalo hata siku moja, na sijui kama kuna aliyefanya hivyo. Alishastaafu zamani, wodi aliyofanyia kazi imepakwa rangi mara kadhaa tangu aondoke, lakini kutoka sokoni Lushoto hadi kwake juu, njia nzima ya karoti na kabichi, alikuwa Nesi. Watoto walimwita Bibi Nesi. Shehe jirani yake alimwita Nesi wetu, ingawa Nesi alikuwa Mlutheri wa kwaya, sauti ya pili, na mwezi wa Ramadhani alikwenda kwa huyo shehe kunywa uji wa futari bila kualikwa, kisha akalalamika kwamba sukari imezidi. Alivaa sweta la kijani lililopauka viwiko na raba za kiume. Alitembea kwa kasi ya mtu aliyesikia kengele. Vijana walioletwa kwake waachishwe ulevi walianza kumchukia kwenye mlima wa kwanza.

Na alinusa ugoro. Hilo liliwachekesha wengi na kuwaudhi wazee wa kanisa. Mwanamke aliyewakaripia wanywa gongo mpaka wakawa wanamkimbia migombani alikuwa na kopo dogo la bati, zamani la dawa ya kuchua, na ndani yake ugoro uliosagwa laini na kutiwa magadi. Alilitoa mfukoni mwa sweta, akagonga kifuniko kwa kucha, akachota kidogo kwa vidole, tundu hili, tundu lile. Macho yalijaa machozi, akafuta pua kwa leso, akaendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia. Ukimwuliza alisema ni dawa ya mafua. Mafua hayo alikuwa nayo tangu ujana wake.

Niseme mapema, msomaji asihangaike kunikisia: mimi kilichonipeleka kwake ni kokeini. Nilikuwa mpiga video wa harusi Dar es Salaam. Kazi yenyewe ni kukesha. Video ya harusi ya leo bado hujaikata na kuiunga, ya kesho inakungoja, na maharusi wanapiga simu wanataka kujiona. Mteja mmoja mwenye nazo alinipa mara ya kwanza bure, kwa ukarimu kabisa, kama mtu anavyokukaribisha soda. Ikanisimamisha. Nikaona kila wazo langu ni la maana, kila mtu ni rafiki, usingizi ni wa wavivu. Baadaye ikaanza kudai. Kamera zikaondoka, moja baada ya nyingine. Mchumba akaondoka. Nikabaki na pua inayotoka damu na imani kwamba watu wa nyumba ya jirani wananirekodi.

Dada yangu, aliyeolewa Lushoto, ndiye aliyekuja kunichukua. Alianza kwa kunipeleka kliniki ya methadoni, maana kwake yeye unga ni unga. Pale tukaelezwa kwa upole kwamba dawa ile ni ya waliozoea heroini, mimi hainihusu. Dada alitoka pale analia. Alikuwa amejipa moyo kwamba kuna kikombe nitakunywa kila asubuhi na mambo yatakwisha. Akakumbuka kuna Nesi huko kwao anayepokea walevi, na aliwahi kupokea hata vijana wawili watatu wa heroini waliotoka Tanga. Tukapanda.

Siku nilipofika nilipita getini nikanyoosha moja kwa moja kwenye benchi, kichwa chini. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Wewe! Rudi getini uingie upya."

Nikadhani nimemwangushia kitu. Kumbe sikuamkia.

"Shikamoo," nikasema nilipoingia mara ya pili.

"Hukuniangalia. Rudi."

Niliingia mara ya tatu, nikamtazama usoni, nikasema shikamoo, naye akasema marahaba kwa furaha ya mtu ambaye hajanitesa hata kidogo. Nilimchukia papo hapo. Sikujua kwamba nimeshaanza matibabu.

Kwa maana Nesi aliamini shikamoo. Wengine walikuwa na vidonge, yeye alikuwa na shikamoo. Kila asubuhi alinituma sokoni au dukani kwa kitu ambacho alikuwa nacho tayari, chumvi, kiberiti, kipande cha sabuni, na sharti lilikuwa kumwamkia kila mkubwa niliyekutana naye njiani. Kule milimani mkubwa hamalizi kwa shikamoo tu. Ataitikia marahaba, ataongeza "Onga maundo", habari za asubuhi, kukupima kama Kishambaa cha mama yako kimebaki, utajibu "Niwedi", nzuri, kwa lafudhi ya Kariakoo, atacheka, atauliza dada hajambo, mbuzi hawajambo, na wewe mwenyewe unaendeleaje. Kila mmoja alijua kwa nini niko kwa Nesi. Mwanzoni niliona hii ni aibu iliyopangwa makusudi. "Ukiwa na hamu ile," alisema, "kichwa kinakaa peke yake chumbani kinajifungia. Mimi nataka watu wagonge mlango."

Dawa yake ya pili ilikuwa swali. "Mikono iko wapi?" Aliliuliza kila aliponiona nimeanza kuzunguka uani, naingia natoka, napangusa pua isiyo na kitu. Nikiangalia, mikono iko mifukoni, au inakwangua ukuta. Basi atanipa viazi nimenye, maharage nipukuchue, plamu nichague zilizopondeka nizitenge. Hakuwa anasema kazi inaponya. Alisema tu kwamba mkono wenye kiazi ni vigumu kushika simu.

Lakini nimeruka. Kabla ya hayo yote kulikuwa na kosa kubwa, na sote tulilifanya, yeye akiwa wa kwanza.

Nesi alinisubiri kama alivyowasubiri wale vijana wa heroini. Aliandaa ndoo kwa ajili ya kutapika, mablanketi ya kutetemeka, chumvi na sukari ya kuchanganya maji. Aliijua arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, kwa macho yake na alijiandaa kupigana nayo. Mimi sikutapika. Sikutetemeka. Nililala. Nililala mchana, nikalala jioni, nikaamshwa nikala sahani ya bada, ugali wa muhogo, na maharage, nikaomba nyingine, nikalala tena. Ndoo ilibaki kavu mlangoni. Nesi alisimama juu yangu na kikombe chake cha chai akashangaa. Jirani wakaja kuchungulia. Wote wakakubaliana kwamba hali ya hewa ya kwetu ni kiboko, kijana amefika tu na baridi limemtoa ule ushetani. Dada alileta jogoo wa shukrani. Tukamla. Nesi mwenyewe alimwambia dada aanze kutafuta siku ya kunirudisha.

Nilipoamka kabisa ndipo ugonjwa ulipoanza. Sikuumwa popote. Ila vitu vyote vilikuwa vimezimwa. Chakula kilikuwa cha kutafuna tu. Milima ile ambayo watu wanatoka Ulaya kuja kuitazama, mimi niliona ni udongo uliosimama. Nilikuwa nimechoka na wakati huo huo sikaliki. Nilitamani kutoka nje ya ngozi yangu na sikuwa na pa kwenda. Nikafikiri hii ndiyo itakuwa hali yangu mpaka mwisho, kwamba furaha yote niliyopangiwa nimeshaitumia.

Nesi aliliona hilo siku tukimenya viazi. Hakuzunguka. "Unafikiria kujiua?" akauliza, kwa sauti ile ile anayoulizia kama umekula.

Kiazi kikaniponyoka. Nikasema, "Wakati mwingine."

"Asante kwa kuniambia." Akaokota kiazi, akakisuuza, akanirudishia. Tangu hapo hakuniacha peke yangu. Nilikwenda naye shamba, kwaya, msibani, hata kwenye kikao cha akina mama ambako nilikaa mlangoni nikipukuchua maharage. Siku hiyo hiyo alipiga simu kwa daktari wa magonjwa ya akili Tanga, akaweka sauti kubwa nisikie, akasimama wima kama yuko wodini.

Daktari alimwambia kulala na kula vile ni kawaida kwa mtu aliyeacha kokeini, na kwamba wengi wanadanganyika hapo. Kinachofuata ni huzuni na hamu, na hamu inaweza kukaa kimya kwa muda mrefu, halafu kitu kidogo kikaiamsha: rafiki, wimbo, chumba, hata harufu.

"Sasa kidonge chake ni kipi?" Nesi akauliza.

"Cha kuiondoa hamu hiyo hakipo, Nesi. Methadoni si ya hii. Mlete, tutaitibu huzuni kama itahitaji, tutamtafutia mshauri wa kuzungumza naye kila mara. Na hapo nyumbani ondoeni vinavyomkumbusha."

"Yaani hakuna kidonge."

"Hakuna."

Alimshukuru kwa heshima zote, akakata simu, halafu akaitukana ile simu. Alikuwa mtu wa vidonge, maisha yake yote alikuwa amevihesabu kwenye vifuniko, na kuambiwa hakuna kulimwudhi kama tusi. Lakini alitii. Tukawa tunashuka Tanga, yeye na sweta lake kwenye joto lile, ananung'unika njia nzima kwamba watu wa pwani wanaishi ndani ya sufuria. Mshauri akizungumza nami ndani, Nesi alikuwa anaamkiana na foleni nzima nje. Polepole nikaanza kusikia ladha ya vitu. Ya kwanza ilikuwa plamu, ilinishtua kwa ukali wake, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ukimsikiliza Nesi ungedhani ni mkali mwenye moyo mgumu. Alikuwa akilia kwenye kila harusi, hata ya watu asiowajua, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba kwa kazi yangu ya zamani yeye angekuwa picha nzuri sana. Aliwaogopa ng'ombe. Aliwazalisha wanawake usiku wa mvua kwenye vibanda visivyo na taa, lakini ng'ombe akisimama njiani alizunguka kwa kupitia shamba la watu. Alichukia mtu kudekezwa, na alinichemshia maziwa kila asubuhi akidai yamebaki. Aliwahubiria watu kuhusu utumwa wa pombe, kopo likilia mfukoni.

Na sisi wote, daktari alipotuambia tuondoe vinavyonikumbusha, tuliondoa nini? Nesi alikusanya unga wa ngano akaupeleka kwa shehe. Akaficha poda ya mtoto wa mpwa wake. Dada akachukua simu yangu yenye picha za Dar. Tukajiona tumemaliza. Hakuna hata mmoja aliyelifikiria lile kopo, kwa sababu lilikuwa kama pua yake yenyewe. Kule ugoro ni kitu cha bibi na babu, nani aufananishe na mambo ya mjini?

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, nimekaa jikoni napuliza moto. Nesi akasimama mbele yangu, kucha ikagonga kifuniko, to-to. Akachota. Akainamisha kichwa, akavuta kwa nguvu, akatoa ile pumzi ndefu ya kuridhika. Nilishamwona akifanya hivyo mara nyingi nikiwa bado nimezimika. Siku hiyo nilikuwa nimewaka. Mate yalinijaa mdomoni, na mwili mzima ukaniambia neno moja: sasa. Nilimwambia ninakwenda kuchota maji. Ndoo niliiacha njiani.

Nilishuka mjini karibu kwa kukimbia, na bado kwa mazoea nikaamkia kila mtu. Nikaazima simu sokoni. Namba ya muuzaji wangu wa Dar ilikuwa kichwani, namba ile haikusahaulika hata nilipokuwa nasahau kuoga. Yule jamaa akaniambia nina bahati, kuna kijana wake anaendesha kwenda Moshi siku hiyo hiyo, nimsubiri Mazinde barabarani. Nikapanda basi dogo hadi Mombo, nikapata lifti hadi Mazinde, nikasimama kando ya magunia ya mkaa ya mzee mmoja, mkonge umenizunguka, jua linanichoma, nikitazama kila gari jeupe.

Badala ya gari, nikasikia: "Umeacha ndoo."

Alikuwa amesimama nyuma yangu na sweta lake, jasho linamtiririka. Sikuamini. Nikamwuliza amejuaje.

"Kila uliyemwamkia amenieleza hata kabla sijamwuliza," akasema. "Wa mwisho ni mwenye simu uliyoazima, alikusikia ukitaja Mazinde."

Hakunikamata. Hakunikaripia. Alisimama tu pembeni yangu, tukatazama barabara. Nilimwomba aondoke. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Akasema, "Ndiyo," na "Nasikia," na "Endelea."

Gari likaja. Likapunguza mwendo, likasimama upande wa pili, kioo kikashuka, kijana mwenye kofia akanitafuta kwa macho. Nikainua mguu. Nesi alikuwa ameshavuka. Akafika dirishani akasimama, akanyamaza. Nikajua anachosubiri. Yule kijana hakujua. Alimwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena, na malezi ya mama yake yakamshinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi na jua hili?"

"Dar."

"Unakwenda wapi?"

"Moshi, mama."

"Wewe ni mtoto wa nani? Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Same."

"Same sehemu gani? Nimefanya kazi na watu wa Same. Anaitwa nani, labda nilimzalisha yeye, labda nilikuzalisha wewe."

"Mama, mimi nina haraka."

"Haraka ya nini, na umesimama?" Akaegemea dirisha kwa viwiko vyote viwili. "Mwanangu yule pale anaumwa sana. Umemletea dawa?"

Kijana aliangalia usukani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Hapana, mama," kioo kikapanda, gari likaondoka. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kwa hasira, na kwa kitu kingine ambacho nilikuja kukitambua baadaye kuwa ni ahueni.

Nesi alirudi akakaa. Ndiyo, alikaa, juu ya gunia la mkaa, bila kumwomba mwenyewe. Akatoa leso. Mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na kopo, na kucha ikawa tayari juu ya kifuniko, ndipo akaniona ninavyolitazama. Kucha ikabaki hewani.

"Ni hili," akasema. "Asubuhi. Ni mimi."

Nikafuta machozi kwa mkono wenye vumbi.

"Daktari alisema tuondoe, nikaondoa unga wa ngano." Akacheka bila furaha. Halafu akamgeukia yule mzee wa mkaa. "Mzee mwenzangu, unanusa?"

"Nanusa."

"Chukua. Mimi nimeacha."

Mzee akafungua, akapima kwa pua, akaridhika. "Umeacha tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Yule mzee alicheka mpaka akapaliwa. Nesi hakucheka. Alinigeukia akasema, "Sikiliza. Mimi nikikaa bila, na wewe unakaa bila. Siku nitakayonusa, una ruhusa. Nenda kanywe, kavute, kafanye unachotaka, sitakufuata Mazinde tena. Tumeelewana?"

Nilisema tumeelewana. Nilimpa wiki moja.

Maskini, alikuwa hajui alichokiahidi. Alipata maumivu ya kichwa, akagombana na jogoo, akagombana na mwalimu wa kwaya kwamba anaburuza nyimbo, akagombana na mchungaji kwamba anaburuza mahubiri. Alitafuna karoti mbichi kutwa nzima mpaka dada akasema ataota masikio ya sungura. Mkono ulikwenda mfukoni, ukakuta leso tupu, ukatoka, ukaenda tena. Mimi nikawa namwuliza, "Mikono iko wapi, Nesi?" na akanitazama kwa macho ya kuua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kumlinda. Nilipokuwa na hamu yangu nilikuwa namtazama yeye na yake, na zote mbili zilionekana kupungua ukubwa kidogo. Sisemi ni sawa, ugoro na kokeini. Yeye mwenyewe alisema usifananishe panya na ng'ombe, na alijua anavyomwogopa ng'ombe. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa na chai yake. Niliogopa.

"Miaka yote nimewaambia watu waache," akasema. "Acha tu. Nilisema kama mtu anayemwambia mwenzake afunge dirisha." Alinywa chai. "Lazima niende kuomba radhi." Na kweli alikwenda kwa mnywa gongo mmoja wa bondeni aliyewahi kufedheheshwa naye mbele ya watu. Yule bwana alipomwona anakuja na kasi ile, akatoka kwa mlango wa nyuma akaingia migombani. Nesi alimwomba radhi kwa sauti kubwa, akiwa nje, shamba zima likasikia.

Nilipopata nafuu ya kutosha nilihamia Korogwe, nikaanza tena na kamera moja ya kuazima. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia.

"Pua?"

"Kavu, Nesi. Yako?"

"Kavu. Ila leo mchungaji amehubiri mpaka nikaona kopo likipita hewani."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miaka. Nilioa na simu hiyo ikaendelea. Nilizoea kuiamini kuliko nafsi yangu. Palipokuwa na ugumu nilijiambia: yeye hajanusa, kwa hiyo mimi siwezi.

Mwaka huu simu zikaanza kupokelewa na mpwa wake. Nesi amelala. Nesi yuko shamba. Nesi amebadilika kidogo, kaka, ukipata nafasi njoo. Sikupata nafasi, mpaka nilipokwenda kupiga harusi Tanga mjini, na pale nje ya ukumbi akanifuata mtu wa zamani, wa Dar, mnene siku hizi, mwenye furaha ya kuniona. Alifungua kiganja akanionyesha unga. Nilisema hapana. Alisema sawa, akanipa namba yake. Nikaihifadhi kwenye simu.

Kwa nini niliihifadhi? Kwa sababu ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Tangu hapo sikulala vizuri. Nilikata video vibaya, nikamjibu mke wangu ovyo, nikazunguka uani kama zamani. Siku moja nikafika stendi sijui kama napanda basi la kwenda Tanga au la kwenda Lushoto. Nikapanda la Lushoto.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Nikapanda ile njia ya karoti nikiamkia kila mtu, na wale walionijua walisema tu, "Nenda, nenda, yupo." Getini nikasimama nikaingia vizuri, uso juu.

Nesi alikuwa amekaa. Hicho ndicho nilichokiona kwanza. Amekaa kitini kama mgeni kwake mwenyewe, blanketi magotini, mpwa wake pembeni anapukuchua maharage kwenye ungo. Cha pili nilichokiona ni kopo. Jipya, linang'aa. Kucha ikagonga kifuniko, to-to. Akachota. Tundu hili, tundu lile.

Mpwa wake akasimama haraka. "Kaka, anasahau," akaninong'oneza. "Ugoro aliuomba kwa jirani. Nilimwambia kwamba aliacha, akanicheka. Anasema hajaacha hata siku moja."

Ningependa kuandika kwamba nilihuzunika. Nilifurahi. Furaha mbaya, ya moto, ilinipanda kutoka tumboni: ruhusa imetoka. Amenusa. Maneno ni yake mwenyewe, Mazinde, juu ya gunia. Niliishika simu mfukoni, nikawa nimeshaanza kupiga hesabu ya basi la kushuka.

"Karibu," Nesi akasema, macho yamejaa machozi ya ugoro. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Shikamoo, Nesi. Mimi ni mgonjwa wako wa zamani."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Kokeini."

Akafikiri. Alifikiri kwa muda, na uso ukajikunja kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi za paa. "Hiyo haina kidonge," akasema.

"Haina, Nesi."

"Basi karibu ugoro." Akaninyooshea kopo, kwa ukarimu kabisa, kifuniko wazi. Harufu ilinifikia. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, Nesi. Mimi niliacha kuvuta vitu puani."

Mkono wake ukabaki hewani. Kuna kitu kikabadilika kwenye mgongo wake, ukanyooka, na kwa kitambo kidogo nikamwona amesimama wodini. Akafunga kifuniko. Akakibana kwa kiganja kuhakikisha, kisha akampa mpwa wake kopo.

"Toa hili nje, peleka mbali. Hujui hapa kuna mgonjwa? Ugoro haunuswi mbele yake." Akanigeukia. "Leo unaitaka?"

"Naitaka."

"Sana?"

"Sana, Nesi." Nikaanza kulia.

"Mikono iko wapi?"

Mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika simu. Nikaitoa, nikatafuta ile namba, nikaifuta mbele yake, ingawa hakujua ninafanya nini. Akanisogezea ungo. Nikaanza kupukuchua. Yeye akawa anayatazama maharage yanavyodondoka, na mkono wake ukaenda mfukoni, ukakuta leso, ukatoka. Ukaenda tena.

"Hivi mimi," akasema, "mimi niliacha?"

"Uliacha, Nesi."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho, akachota maharage na kuyaweka magotini mwake, akaanza kunisaidia.